Kipupwe Mashewa: Kikombe cheusi huchangamsha moyo, hudanganya mwili

Mwezi wa Julai, jua la Mashewa halisubiri saa ya magharibi. Milima ya Usambara Magharibi hulificha mapema, kivuli kikashuka kwenye mahindi na migomba, na kabla adhana haijasikika watu wameshaanza kutafuta masweta. Kina mama hujitanda khanga ya pili mabegani. Vijana wa bodaboda huvaa makoti mazito ya mitumba, yale yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya, wakapandisha zipu hadi kidevuni. Moshi wa kuni hutanda juu ya mapaa na kukaa hapohapo, kana kwamba nao unaona baridi.

Mgeni aliyezoea joto la Dar es Salaam au Tanga mjini hushangaa. Alidhani mkoa wa Tanga wote ni minazi na jasho. Hapa anajikuta akisugua viganja na kuuliza swali ambalo kila mwenyeji analo jioni hiyo: leo tunajipasha joto na nini?

Majibu ni mawili, na yote yana rangi nyeusi au inayokaribia weusi. Kuna benchi la chai ya rangi yenye tangawizi, na kuna benchi la pombe. Huko kwenye pombe, wengine hushika bia nyeusi ya chupa, na wengine hushika kopo la boha, pombe ya miwa ya Wasambaa, yenye rangi ya udongo uliolowa. Anayejua kuzisoma jioni hizi za kipupwe atajifunza mengi kuhusu Mashewa, na zaidi kuhusu afya ya familia yake mwenyewe.

Bonde katikati ya milima miwili

Mashewa ni kata ya Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga. Safari ya kwenda huko huanzia mjini Korogwe, penye Mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, kwenye barabara kuu itokayo Segera kwenda Moshi na Arusha. Mji huo ni wa zamani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 wakati wa Wajerumani ilifika Korogwe mwaka 1902, na tangu hapo mji ukawa mahali pa kushukia, kulala na kubadilishana bidhaa.

Kutoka Korogwe, njia ya Mashewa huiacha barabara kuu na kufuata bonde la Mto Lwengera kuelekea kaskazini, kupitia Magoma. Upande wa kulia wa msafiri inasimama Usambara Mashariki, na upande wa kushoto Usambara Magharibi. Katikati ni bonde lenye mashamba, vijiji, na mkonge uliopandwa kwa mistari iliyonyooka. Mkonge nao ulikuja nchini mwaka uleule wa 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na ndio uliowaleta Tanga maelfu ya manamba kutoka pande nyingi za nchi. Ndiyo maana ukikaa kwenye baraza lolote la Korogwe unaweza kuwakuta Wasambaa, Wazigua na Wabondei wakizungumza na watu ambao babu zao walitoka mbali sana, wakabaki.

Baridi ya Mashewa huteremka kutoka juu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, na mji wa Lushoto, ulioko Usambara Magharibi, upo kwenye kimo cha mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi huleta unyevu wa Bahari ya Hindi, milima ikaupokea na kuugeuza ukungu. Usiku ukiingia, hewa baridi, ambayo ni nzito kuliko ya moto, huteleza kwenye miteremko na kutulia bondeni. Mtu wa Lushoto anaweza kuicheka baridi ya Mashewa. Lakini mtu wa bondeni, aliyejenga nyumba ya kupitisha upepo kwa sababu ya joto la Januari, huisikia hadi kwenye mifupa.

Mgeni akifika jioni, salamu ni "Onga mshi," na jibu ni "Niwedi." Baada ya hapo hutafutiwa mahali pa kukaa karibu na moto. Mgeni njoo mwenyeji apone, na dawa ya kwanza ya mgeni wa kipupwe ni kitu cha moto mkononi.

Boha haina lebo

Mijini, siku hizi kuna watu wanaolipa fedha nyingi kunywa bia iliyopikwa kwa mkono na mpishi mmojammoja, mtungi kwa mtungi, bila kiwanda kikubwa. Wanaisifu kwa sababu kila mtungi una ladha yake. Kwa Wasambaa hilo si jambo geni. Boha imekuwa hivyo siku zote.

Kazi yake ni ngumu. Miwa humenywa, hukatwa vipande, ikatwangwa kwenye kinu kikubwa cha mti au kukamuliwa kwa mashine, kisha maji yake yakachujwa. Maji hayo yakinywewa siku hiyohiyo ni kinywaji cha watoto na wazee: matamu, hayana kileo, na shuleni hakuna mtoto atakayeyakataa. Yakiachwa kwenye chombo, hamira huanza kuila sukari. Povu linapanda, chombo kinachemka bila moto, na ule utamu unageuka kuwa ukali. Katika sehemu nyingi zenye pombe za miwa na asali, kuanzia kaskazini mwa Tanzania hadi kwa Wakikuyu na Wakamba wa Kenya wenye muratina yao, tunda la mvungunya, au mwegea, hukaushwa na kutumbukizwa ndani ili kuchochea kazi hiyo. Tunda hilo likiwa bichi ni sumu, kwa hiyo kulitumia kunahitaji mtu aliyefundishwa na mtu.

Kila siku inayopita, sukari inapungua, kileo kinaongezeka na uchachu unazidi. Ya siku ya kwanza hunywewa kama soda. Ya siku ya tatu humkalisha chini mtu mzima. Tatizo ni kwamba zote mbili zinafanana machoni. Chupa ya bia ina lebo inayotaja asilimia ya kileo. Kopo la boha halina. Mnywaji anategemea ulimi wake, ambao baada ya kopo la pili hauaminiki tena, na uaminifu wa mama aliyeipika.

Mama huyo ndiye mtu wa kutazamwa kwa makini katika habari hii. Mara nyingi pombe ya kienyeji ni mradi wa mwanamke. Haihitaji mtaji mkubwa wala cheti. Fedha yake huingia jioni ileile, na asubuhi inageuka kuwa daftari, sare, unga na nauli ya kwenda zahanati. Katika vijiji vingi vya Tanzania kuna walimu, wauguzi na askari waliosomeshwa na mtungi wa pombe, na hawaoni haya kulisema. Lakini fedha iliyosomesha mtoto wa nyumba hii ilitoka kwenye mfuko wa baba wa nyumba ya pili, na huko nako kuna daftari lililokuwa likisubiriwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ukurasa wa familia hauwezi kuisifu ladha ya boha ukalinyamazia hilo.

Zamani pombe ilikuwa na wenyewe

Wazee wa Usambara hawakuwa watu wa kukataa pombe. Ilikuwepo kwenye tambiko, kwenye posa na harusi, kwenye kazi ya kulima kwa ushirika, na kwenye kusuluhisha ugomvi. Lakini ilikuwa na wenyewe na ilikuwa na siku zake. Ilipikwa kwa sababu kulikuwa na jambo. Mkubwa alionja kwanza. Chombo kilizungushwa, kwa hiyo anayetaka kumeza peke yake alionekana. Kijana aliyelewa mbele ya wakwe alijua habari itafika kwao kabla yake. Na palipokuwa na pombe, palikuwa na chakula.

Ukizitazama taratibu hizo kwa jicho la afya, kila moja ilikuwa kinga. Chakula tumboni hupunguza kasi ya kileo kuingia kwenye damu. Chombo cha kuzunguka huweka nafasi kati ya funda na funda. Pombe ya siku maalumu huliacha ini lipumzike siku nyingine zote. Hakuna aliyeziita kanuni za afya. Ziliitwa adabu.

Kilichobadilika ni kwamba pombe imebaki na adabu imepungua. Kilabu kiko wazi hata pasipo na jambo. Kila mtu ana kopo lake. Na kando ya boha vimeingia vinywaji ambavyo havina hata huo utaratibu uliobaki. Kipo gongo, pombe kali ya kukenekwa ambayo kuipika na kuiuza kienyeji ni kosa kisheria, lakini bado inanywewa kwa siri vichakani. Vilikuwepo viroba, vile vifuko vya plastiki vilivyomwezesha hata mwanafunzi kuficha pombe kali kwenye soksi, hadi Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Ukilinganisha na hivyo, boha ni mzee mtaratibu. Lakini mzee mtaratibu naye akialikwa kila siku atakula chakula cha watoto.

Weusi wa bia hauongezi damu

Kwenye friji za baa ndogo za njiani, kati ya soda na maji, mara nyingi zinasimama chupa za bia nyeusi. Anayeipenda huipenda hasa msimu huu. Ina uchungu wa kahawa, harufu ya kitu kilichokaangwa, na povu zito la kahawia linaloganda mdomoni. Wengine huikataa ya friji na kuomba ya moto, yaani isiyopozwa, wakainywa polepole huku wametazama milima. Kwa mnywaji, ni raha ya kweli.

Weusi huo unatokana na kukaanga. Shayiri huchomwa hadi inakaribia kuungua, kama bibi anavyokaanga buni, na rangi hiyo ikaingia kwenye maji. Utaalamu huo haujifichi Ulaya peke yake. Waluhya wa magharibi mwa Kenya, kabla ya kupika busaa, hulikaanga donge la unga wa mahindi uliochachuka kwenye chuma juu ya moto hadi libadilike rangi, kisha hulichanganya na kimea cha ulezi. Wachagga wana mbege ya ndizi na ulezi, yenye rangi yake ya kahawia. Afrika Mashariki ilikuwa na pombe za rangi nzito kabla chupa ya kwanza haijashushwa bandarini.

Lakini pamoja na chupa ilikuja imani moja ambayo haijaisha hadi leo: kwamba bia nyeusi inaongeza damu. Kuna wajawazito wanaoshauriwa na mashosti kunywa chupa moja ili "damu ipande." Kuna waliojifungua wanaoletewa ili maziwa yatoke. Chanzo kimoja cha imani hiyo si siri. Guinness, bia ambayo kampuni yake ilianzishwa Dublin, Ireland, mwaka 1759, ilitangazwa Uingereza kuanzia mwaka 1929 kwa maneno ya kuwaambia watu kwamba ni nzuri kwa afya zao. Tangazo hilo lilishaachwa zamani. Maneno yake yangali yanasafiri.

Ukweli ni huu. Damu inahitaji madini ya chuma na foliki asidi. Bia nyeusi ina chuma kidogo mno, na rangi yake ni ya nafaka iliyoungua, haihusiani kabisa na damu. Mjamzito mwenye upungufu wa damu anahitaji kliniki, ambako hupimwa na kupewa vidonge vya kuongeza damu, na anahitaji sahani yenye maharage, mboga za majani, dagaa, na maini au nyama inapopatikana, pamoja na chungwa ili chuma kifyonzwe vizuri. Machungwa si ya kutafuta mbali Tanga.

Kwa upande wa pili, kileo anachokunywa mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake bado halijakomaa. Mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo au na matatizo ya ubongo yatakayoonekana atakapoanza shule. Hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama katika ujauzito, iwe ya chupa au ya kopo, nyeusi au nyeupe.

Joto la kukopa

Sasa turudi kwenye baridi, maana ndiyo iliyowakutanisha watu.

Anayekunywa pombe kwenye kipupwe hasemi uongo anaposema amepata joto. Analisikia kweli. Masikio yanawaka, mashavu yanapata moto, vidole vinalegea. Kinachotokea ni kwamba kileo huipanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu yenye joto, ambayo mwili ulikuwa umeificha ndani ili kuulinda moyo, mapafu na ini, inakimbilia nje. Ngozi inapata joto na mtu anafurahi. Lakini kutoka kwenye ngozi joto hilo linachukuliwa na upepo. Baada ya muda, ndani ya mwili kumepoa kuliko alipoanza.

Zaidi ya hapo, kileo hupunguza uwezo wa mwili wa kutetemeka, na kutetemeka ndiyo njia ya mwili ya kujitengenezea joto. Kinalegeza pia akili, kwa hiyo mtu hajui kwamba anapoa. Anavua koti. Analala barazani au kando ya njia. Kwa mlevi aliyelowa na umande, hata baridi isiyo ya theluji inaweza kuwa hatari. Joto la pombe ni la mkopo, na riba yake hulipwa usiku wa manane.

Kuna makosa mengine ya msimu huu ambayo kila familia inapaswa kuyajua.

La kwanza ni kuchanganya baridi na homa. Mabonde ya Korogwe yanaijua malaria kwa muda mrefu. Wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa maeneo ya Afrika yaliyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Mtu anayetetemeka jioni ya Julai anaweza kuwa na baridi, na anaweza kuwa na vimelea kwenye damu. Akipewa kopo "apate joto," akalala, siku inapotea. Kwa mtoto mdogo au mjamzito, siku moja ni nyingi. Anayetetemeka huku mwili ukiwaka, au mwenye kichwa kinachouma na kutapika, apelekwe kupimwa kwanza. Kipimo ni tone moja la damu.

La pili ni kuchanganya pombe na dawa. Vidonge vya maumivu vya kawaida kama parasetamoli vikikutana na pombe nyingi huliumiza ini. Dawa za usingizi, kifafa, kisukari na kifua kikuu nazo hazipatani na pombe.

La tatu ni jiko la mkaa chumbani. Mtu amekunywa, ameona baridi, ameingiza jiko ndani, amefunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mlevi hatasikia kichwa kikimuuma, na huenda asiamke. Familia nzima imewahi kukutwa imekufa kwa njia hii katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Jiko liishie nje au jikoni penye hewa, na blanketi ndilo liingie chumbani.

La nne ni chombo na malighafi. Pombe inayohifadhiwa kwenye dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba ni sumu hata kama dumu limeoshwa mara kumi. Na kwa wanaopika pombe za nafaka, unga ulioharibika usitumike kabisa. Januari 2015, huko Chitima, Mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Awali ilidhaniwa wametiliwa sumu. Wachunguzi walikuja kugundua kwamba unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika na kuota bakteria wanaotengeneza sumu kali. Mpishi hakuwa na nia mbaya, naye pia alikufa.

La tano ni pombe kali iliyochanganywa na methanoli, aina ya kileo cha viwandani. Mei 2014, watu zaidi ya 80 walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya kwa pombe ya aina hiyo, na baadhi ya walionusurika walipofuka. Anayeona ukungu machoni baada ya kunywa asisubiri asubuhi. Hospitali ni usiku huohuo.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya. Shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2019 vifo milioni 2.6 duniani vilitokana na pombe. Kileo kiliwekwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Hii haimaanishi kwamba mzee aliyekunywa kopo moja kwenye harusi ya mjukuu amejiua. Maana yake ni kwamba kila kopo la ziada ni hatari ya ziada, na asiyekunywa hana sababu yoyote ya kiafya ya kuanza, hata kipupwe kikaze namna gani.

Benchi la pili

Waislamu ni wengi katika bonde hili, na kwa nyumba nyingi za Mashewa habari ya pombe haivuki kizingiti. Je, wao hupitaje kwenye baridi? Hupita vizuri, na pengine wana joto la kweli zaidi.

Milima inayoileta baridi huleta pia dawa yake. Chai hulimwa Usambara zote mbili. Ndani ya Wilaya ya Korogwe kwenyewe kuna mashamba ya Ambangulu na Dindira, huko juu penye ukungu. Upande wa Usambara Mashariki, kuzunguka Amani, hutoka iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Sufuria moja ya chai ya rangi iliyotiwa tangawizi na mdalasini, ikawekwa jikoni alasiri, hunukisha nyumba nzima. Ni nyeusi, ina uchungu wake kidogo, na mvuke wake hupasha pua kabla kikombe hakijafika mdomoni. Kijiweni kuna kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, na kipande cha kashata kando yake. Kinywaji hicho cha pwani kilipanda na reli na biashara hadi huku ndani.

Hapo nako panahitaji kiasi. Chai iliyokolea ikinywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, kwa hiyo wajawazito na watoto waipishe saa moja baada ya mlo. Sukari vijiko vinne si urafiki na kisukari. Lakini ukiyatoa hayo, joto la benchi hili halina riba. Linatoka kwenye maji ya moto, linaingia ndani na linakaa ndani. Kwa watoto kuna uji wa ulezi au togwa isiyochacha, na ubuyu wa mezani ni mahindi ya kuchoma yanayogeuzwa kwa vidole.

Ukiyatazama mabenchi yote mawili kwa muda, unagundua kwamba mengi yanafanana. Kuna moto. Kuna bega la jirani. Kuna mzee anayerudia hadithi ya Mbegha, yule mwindaji aliyekuja Usambara akawagawia watu nyama, wakamfanya mtawala wao, na kila anaporudia nyama inaongezeka. Kuna kicheko. Ukimuuliza mnywaji wa boha kilichomleta kilabuni, mara nyingi atataja watu kabla ya kutaja pombe. Amechoka kukaa peke yake, siku ilikuwa ndefu, na nyumbani kuna maneno. Baridi inayomsukuma si ya hali ya hewa tu.

Na hapo ndipo familia ina kazi ya kufanya. Baba anayeona kwamba nyumbani kuna moto, chakula kimeiva na kuna wa kuzungumza naye, ana sababu ya kurudi mapema. Asiyeona hayo atapata joto penginepo. Hili halimwondolei mtu wajibu wa kujizuia, na yule ambaye mikono inamtetemeka asubuhi asipokunywa ni mgonjwa anayehitaji kupelekwa hospitali, asiachishwe ghafla kwa viboko au kwa kufungiwa ndani. Kuacha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kumletea degedege na hata kifo. Aanzie zahanati au kituo cha afya, aelekezwe.

Saa tatu usiku Mashewa imeshatulia. Ukungu umeteremka hadi kwenye migomba. Kilabuni makopo yanaoshwa, na mama mpishi anahesabu fedha za sare kwenye upindo wa khanga. Njiani tochi za simu zinapishana, moja imenyooka, nyingine inayumba kidogo. Katika nyumba ambazo mlango bado haujafungwa, sufuria ya chai imerudishwa mekoni, na kikombe kimoja kimefunikwa kwa kisahani. Mwenye kikombe bado yuko njiani, na watoto wamekataa kulala mpaka afike.